Funguo za Basi la Watoto

Koplo Obita alikuwa ameshinda na njaa tangu jana asubuhi, yeye ambaye hakuwahi kukosa mlo hata siku ya msiba. Tumbo lake lilikuwa limemtangulia kila mahali kwa miaka kumi, na katika kambi ya polisi karibu na Bugolobi hakuna aliyelicheka. Mume mwenye tumbo ni mume aliyetunzwa, na sifa zote zilikwenda kwa mkewe, Lamwaka. Sasa madereva wote walikuwa wakipimwa sukari, na Obita aliamua kuishinda mashine kwa njaa. Hila ya kitoto, lakini alikuwa na hofu. Alikuwa akiendesha basi la watoto wa kambi hadi shule za Old Kampala, na kazi ile aliipenda kuliko cheo chake.

Nesi Zulaikha alimtoboa kidole, akasubiri, akasoma. Akapima tena kidole kingine.

"Kumi na moja nukta nne. Afande, hata saba asubuhi kabla ya kula ni mbaya."

"Mashine yako naongopa! Mimi hapana kula kitu!" Obita akamgeukia mkewe aliyekaa kando yake. "Ni ule uji wako wa jana! Mimi nakataa, wewe nasema kunywa tu kidogo. Unataka wanipokonye basi?"

Kweli, Lamwaka alimwona akitetemeka jioni, akamsihi mpaka akanywa nusu kikombe cha uji wa wimbi. Uso ulimwaka kwa aibu. Nje kulikuwa na foleni ya madereva, na mlango ulikuwa wazi.

"Mwache mama wa watu," Zulaikha akasema kwa ukali. "Uji wa jana jioni umeisha zamani. Sikia, afande. Sukari ya chakula lazima iingie kwa misuli ndiyo upate nguvu. Insulini ya mwili wako ndiyo napiga hodi, misuli nafungua. Lakini mafuta yakijaa tumboni, hata ndani ya ini, misuli nakuwa kiziwi. Insulini napiga hodi, wapi! Sukari nabaki kwa damu. Na ini nalo halisikii, usiku mzima namwaga sukari yake, hata kama wewe umelala njaa."

"Kwa hiyo mimi nashiba bure?"

"Damu imejaa sukari, misuli iko na njaa. Ndiyo maana unakula na bado unachoka."

Neno lile la kuchoka lilimshuka Obita kifuani kama jiwe.

"Kuna dawa," nesi akaendelea, akivuta fomu. "Unapunguza soda na chapati, unatembea, tumbo likishuka misuli naanza kusikia tena. Mwezi ujao tunapima. Kwa namba hii peke yake naweza kukuacha na basi. Lakini kuna swali moja hapa lazima nijaze. Umewahi kusinzia ukiwa unaendesha?"

Kalamu ikangoja. Obita akamtazama Lamwaka. Ndiye pekee aliyejua. Jumanne, kwenye mteremko wa Old Kampala, macho yake yalijifumba, na kilichomwamsha ni mayowe ya watoto thelathini, gurudumu likiwa limeshapanda njia ya waenda kwa miguu. Kambini alisema amekwepa boda. Ila kwa mkewe alisema ukweli, akilia.

Alikuwa ametoka kumdhalilisha mbele ya watu, na sasa neno moja la mkewe lingemmaliza. Lamwaka aliinamisha kichwa, akakunja kunja ncha ya leso yake.

Jibu la hapana tu lingemtosha Obita kubaki na basi.

Obita akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo za basi, akaziweka juu ya ile fomu.

"Andika ndiyo, musawo," akamwambia nesi. "Jumanne. Haikuwa boda." Kisha akamgeukia mkewe. "Mama Ayaa, unisamehe. Twende nyumbani."

Wakaenda kwa miguu.