Odette na Dunia Inayozunguka

Vita vilipoingia Bujumbura, walimu wa kigeni wa chuo kikuu walipanda ndege mmoja mmoja, na somo la fizikia likabaki mikononi mwa Odette. Mama huyu mnene, mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani, alikuwa binti wa katekista wa Muyinga, na mwenyewe alikuwa amesoma Ulaya hadi akapata udaktari wa fizikia. Marafiki wa huko walimsihi arudi Ulaya. Akakataa. Alitaka Burundi iwe na wanafizikia wake yenyewe.

Kazi haikuwa nyepesi. Mwaka 1997 nchi ilikuwa chini ya vikwazo vya biashara vya majirani, vifaa haviingii. Darasani wanafunzi waliogopana. Kila kabila lilikaa upande wake. Siku moja Arnaud, kijana mbishi wa mstari wa mbele, alimwambia, "Madamu, fizikia bila mashine ni hadithi tu."

"Basi Jumamosi njoo mtaa wa Asiatique, kwenye maghala," Odette akajibu. "Nitakuonyesha dunia ikizunguka."

Alikwenda kwa Mzee Atumani, mfanyabiashara ambaye vikwazo vilimwachia ghala tupu, refu kama kanisa.

"Hiyo chupa unayotaka kuining'iniza haitanibomolea paa?" Atumani aliuliza.

"Ikibomoa, mzee, nitapanda mwenyewe kuliziba."

Atumani alimtazama alivyo mnene, akacheka, akampa ufunguo.

Odette na wanafunzi wake wakajaza mchanga chupa kuukuu ya chuma ya gesi, wakaining'iniza darini kwa waya mrefu, wakaifunga msumari chini ili uchore mstari kwenye mchanga uliotandazwa sakafuni. Jumamosi ghala lilijaa wanafunzi na wauzaji wa jirani. Odette aliivuta chupa kando kwa uzi, akaufunga nguzoni, kisha akauchoma kwa kiberiti ili mkono usiisukume. Chupa ikaondoka polepole, ikawa inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi.

Watu wakangoja. Musafiri, muuza vitenge kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, akachoka. "Madamu, mi nimeacha meza yangu. Hii dunia yako imelala, ao?"

"Apana, haijalala! Chupa inashika njia yake ileile, sakafu ndiyo inayogeuka chini yake. Kule kwenye ncha za dunia mstari ungegeuka upesi. Sisi tuko karibu na ikweta, unageuka kidogo kidogo. Kaa, kunywa chai."

Wakanywa chai, wakala maandazi. Baada ya saa nzima Christa, msichana mkimya wa upande wa pili wa darasa, akapiga magoti. "Mstari umesogea!"

"Ni upepo," Arnaud akasema.

"Upepo gani, na milango imefungwa?"

"Basi ni waya unajisokota."

"Tuiachie tena, tuone!"

Wakaiachia tena, kutoka upande mwingine, wakangoja saa nyingine. Mstari ukasogea vilevile, upana wa vidole viwili. Musafiri aliupima kwa vidole vyake, akashika kichwa. "Mungu wangu! Kumbe tunazunguka, na chai haimwagiki!"

Ghala zima likaangua kicheko. Odette hakuwa akitazama mchanga. Alikuwa akiwatazama Arnaud na Christa, waliokuwa hawajasemezana tangu mwaka uanze, sasa wakigombania kiberiti.

Vita vilipokaribia kwisha, wanafunzi wake walikuwa wakifundisha fizikia Ngozi, Gitega na Rumonge, na wawili walirudi chuoni kumsaidia. Jumapili moja walikutana naye Kajaga, kando ya ziwa, kula samaki wa mukeke wa kuchoma. Walibishana kuhusu mwanga na joto hadi samaki wakapoa, na Odette, aliyependa ubishi kuliko chakula, akawa ndiye anayepaza sauti kuliko wote.