Muthokoi wa Siku ya Kufunga

Nilikosea mapema. Mwalimu wa shule ya Jumapili aliposema mwili ni mtumishi wa roho, mimi nilielewa kwamba mtumishi asilishwe. Leo harufu ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, jikoni kwangu imenirudisha utotoni, kule mtoni.

Susu, nyanya yangu, alikuwa amefunga akiombea mvua. Nami nikafunga kwa siri, nikitaka kuwa mtakatifu bila dosari. Nilikuwa nikichimba maji kwenye mchanga wa mto mkavu nilipoanguka, mchanga ukanijaa mdomoni.

Nilipozinduka, Susu alikuwa amenipakata palepale mchangani, mkononi bakuli la muthokoi lililoletwa kutoka nyumbani.

"Kula."

"Nimefunga, Susu."

"Umefunga nini wewe, mbavu zote nje? Hiyo roho yako itaenda kanisani na miguu ya nani? Ya mbuzi?"

Nilikaza meno. Ndipo Susu, ambaye sikuwahi kumwona akivunja mfungo, akachota kijiko akala yeye kwanza. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kuanguka. Nikafungua mdomo.

Bado nafunga. Lakini mikono ikianza kutetemeka, nakula.