Asili ya metre ya fundi nguo: niliitunga mimi, darajani Tshopo

Wakuu, najua wengi humu ndani ni wajukuu zangu, kwa hiyo marahaba, nimeshaitikia kabla hamjasalimu. Wakubwa wenzangu, kama mpo, shikamooni.

Nimekuwa nikisoma kimya kimya nyuzi zenu za "je, wajua", kitu fulani kilitoka wapi, nani alikigundua. Leo naleta wangu.

Ninachowasimulia kilinipata mimi mwenyewe, hapa Kisangani, na ni kweli tupu. Uongo uliomo ndani yake naujua wote kwa jina, na ule mkubwa ni wangu. Najivunia uongo ule kuliko hata cherehani yangu.

Vuteni viti.

Baba yangu alikuwa fundi nguo, hapa mtaani Kabondo. Sisi ni wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walikuja na misafara ya biashara wakabaki. Papa alishona kanzu, suruali, mashati ya makarani, chochote. Lakini wateja hawakuja kwa ajili ya mshono tu. Walikuja kusikiliza uongo wake.

Papa alikuwa na asili ya kila kitu duniani.

Ukikaa kwenye benchi kusubiri suruali ipindwe, anakuambia kifungo kiligunduliwa na bwana mmoja wa Basoko, baada ya mke wake kumkimbia na mkanda.

Mwavuli ulianzia Bengamisa. Kulikuwa na mkulima mwenye maringo, mvua ikamkuta mbele ya wakwe, akaona aibu kukimbia. Akakata jani la mgomba, akatembea polepole.

Kijiko nacho ni kazi ya wanawake wa Isangi. Waume zao kila wakitia mkono kwenye supu walitoka na kichwa cha samaki, basi wakapewa kitu kisichoweza kubeba kichwa.

Alisema haya bila kucheka hata kidogo. Mimi nilikuwa msichana mkubwa tayari, nashona vifungo pembeni yake, na masikio yangu yalifanya kazi kuliko sindano. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Bon. Uhuru ulikuja, tukacheza, tukaimba. Miaka haikuwa mingi, waasi wakaingia mjini. Tuliwaita Wasimba.

Kwa ambao hamkuwepo: wengi wao walikuwa vijana wadogo, na walikuwa wamepewa dawa ya kuzuia risasi. Dawa ile ilikuwa na miiko yake. Usigeuke nyuma vitani. Usipeane mkono na mtu. Na mwanamke asikuguse hata kwa kidole, la sivyo dawa inakufa.

Halafu walikuwa wanawasaka watu wa serikali na wasomi. Karani, mwalimu, mtu yeyote mwenye tai shingoni, alikuwa hatarini. Watu walizika tai zao uani kama kuku aliyekufa kwa ugonjwa.

Asubuhi moja mimi na papa tulikuwa tunapeleka nguo za harusi Bengamisa. Msinicheke, watu walikuwa wanaoana hata wakati ule. Mzigo ulikuwa kichwani kwangu, papa ametangulia.

Sasa, papa alikuwa na tabia ya mafundi wote. Metre, ile kamba ya kupimia, haikutoka shingoni mwake. Mama ndiye aliyekuwa akimvua wakati wa kula. Siku hiyo alikuwa nayo, na koti amelifunga juu yake, ncha zimeshuka kifuani. Ukiiangalia kwa mbali, wallahi, ilikuwa tai.

Darajani Tshopo kulikuwa na barrière, kizuizi cha Wasimba.

"Cravate! Huyu iko na cravate!"

Wakamvuta, wakampigisha magoti. Walipotazama vizuri wakaona si tai, lakini mambo yakaharibika zaidi, maana ilikuwa na namba. Komanda wao, mtu mzima kidogo kuliko wengine, na kipande cha ngozi ya mnyama kichwani, akaishika kwa ncha ya mkuki.

"Hii iko maandishi ya bazungu. Unapimaka nani na hii? Donc njo weye unashoneaka makarani ya serikali?"

Ilikuwa kweli, aliwashonea. Na papa wangu, mwenye maneno ya kifungo na ya kijiko, akakosa neno. Midomo inacheza, sauti hakuna. Sikuwahi kumwona hivyo, na niliogopa kuliko nilivyoogopa mikuki.

Wakamwambia asimame, ashuke kule chini upande wa maji. Mji mzima ulijua kwamba walioshushwa kule hawakupanda tena.

Nikatua mzigo, nikaenda.

Sikuwa na mpango, wakuu. Nilienda tu kwa sababu alikuwa papa wangu. Kumbe kila nilivyosogea, wao walirudi nyuma. Vijana wenye mikuki na bunduki, wanamkimbia msichana mwembamba mwenye vumbi miguuni!

"Simama! Usikaribie! Utatuulia dawa!"

Nikasimama. Lakini nilikuwa nimeshaona pa kupitia.

"Papa Komanda," nikasema, "ile kitu munaichukia bure. Iko ya kwenu."

"Ya kwetu namna gani?"

"Haikutoka Poto, kwa bazungu. Iko ya bababu, batu ya mto. Mupiganaji akishapata dawa, mukono ya mutu haiwezi kumugusa. Si vile?"

"Njo vile."

"Alors, fundi atamupima nguo namna gani? Njo bakatengeneza ile kamba. Kamba inagusa, mukono hapana. Bazungu bakakuja, bakaiona, bakaiiba."

Maji ya Tshopo yalinguruma chini yetu.

Kijana mmoja akauliza swali zuri kuliko mengi ninayoyasoma humu: "Na numero? Bababu baliandika numero?"

Nikamjibu: "Numero baliweka bazungu, juu banasahauka. Siye tulikuwa tunapima na hatusahau."

Komanda akatikisa kichwa kwa uchungu wa kweli kabisa.

"Bazungu!" akasema. "Hata kamba!"

Akamwamuru papa ampime palepale. Ila ageuze metre, atumie mgongo wake usio na namba, kama bababu. Papa akaishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayeepua sufuria ya moto, akapima kifua, akapima mabega. Vijana wote nao wakapanga mstari, kila mmoja anataka kupimwa kwa kamba yake iliyoibiwa. Harusi ya Bengamisa ilisubiri siku hiyo.

Siku zilizofuata walileta kitambaa wenyewe pale dukani kwetu. Lakini jamani, utashona nini bila namba? Papa alikisia. Mashati yalitoka na mikono mirefu mpaka vidole havionekani.

Komanda alipovaa lake, mimi nilianza kusoma shahada moyoni.

Papa akakohoa. Sauti ilikuwa imerudi, na uso mkavu uleule wa siku zote.

"Mikono murefu iko asili yake vile, Komanda. Mutu akitaka kukupa mukono, asiipate."

Komanda akanyoosha mkono kwa kijana wake. Kijana akatafuta, akatafuta, akashika shati. Komanda alicheka mpaka akakaa kwenye benchi letu, akatoka na shati lake amelivaa, na hakuna aliyetugusa tena mpaka walipoondoka mjini.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa vichekesho vyote. Jirani yetu, karani mpole aliyekuwa akinipa peremende, hakupata mtu wa kumtungia asili. Mpaka leo nikipita mbele ya uwanja wa nyumba yake huwa nanyamaza.

Papa aliishi, akashona mpaka uzeeni. Uongo wake mwingine aliusimulia huku akikanyaga cherehani. Ila mteja akimuuliza metre ilitoka wapi, alisimamisha mashine kwanza.

"Metre? Iligunduliwa pale darajani Tshopo," anasema. "Na mutoto yangu mwanamuke. Njo ule pale, anapiga pasi."

Wateja wanacheka, wanasema mzee amezidi leo. Yeye hacheki, machozi yanamlengalenga, na mimi nainamia pasi yangu kama sijasikia.

Nilichojifunza ni hiki. Wazee wenu wakikaa barazani wakaanza uongo wao wa nani aligundua chumvi, msiwakatize kwa kuchungulia simu. Sikilizeni namna wanavyousuka. Hakuna shule inayofundisha hilo, na siku utakapohitaji hutapewa muda wa kujiandaa.

Haya, uwanja ni wenu. Leteni na nyinyi asili za kwenu, hata za uongo, mradi zimeshonwa vizuri. Na anayebisha kuhusu metre aje na ushahidi wake hapa Kabondo. Mgunduzi bado yupo hai, na anatunga uzi kwenye sindano bila miwani.