Mashine Iliyosingizia Vidole

Nilipokuwa wakala wa laini za simu pale Rwamgasa, mashine ya alama za vidole ilikuwa na jibu moja: "Kidole hakisomeki. Safisha, ujaribu tena." Kwingine watu wangeibishia. Kwetu, ambako mawe ya dhahabu yamekwangua vidole vya kila mtu, waliiamini papo hapo na kuomba maji.

Mama mmoja, mponda mawe, simu yake ilitumbukia kwenye bwawa la karasha, pale mawe yanaposagwa, ikazama na laini yake. Mwanawe alikuwa kwenye mitumbwi ya dagaa upande wa Nkome, akihama kambi hii kwenda ile, akipiga kwa simu za kuazima. Namba aliyoikariri ni hiyo moja ya mama yake. Isiporudi hewani, hawapatani tena.

Akaja kwangu kuirudisha laini kwa alama ya kidole. Siku ya kwanza aliosha kidole kwa sabuni. Akarudi kesho yake ameosha kwa ndimu. Iliyofuata alisugua kwa majivu na jiwe la miguu mpaka damu ikachungulia, akaniwekea kidole mezani kama mtu anayepandisha dau.

"Hapo je, baba? Bado kichafu?"

Mimi hata mzani wa sonara siuamini kabla haujapima mara mbili. Nikaweka kidole changu, kisichojua nyundo. Hakisomeki. Nikaweka cha mkono wa pili. Hakisomeki. Nikampigia wakala mwenzangu wa Geita mjini. Naye hajasajili mtu tangu juzi. Basi ubovu ulikuwa huko huko kwenye kampuni ya simu.

Nikapiga huduma kwa wateja. Kijana akanishauri mteja asafishe kidole. Nikamwambia kimesafishwa mpaka kinakwisha, waandike tu kwamba tatizo ni lao. Akasema hilo haliwezekani. Nikashuka: waandike mtandao unasumbua. Nikashuka tena: waandike "subiri". Nimewahi kununua pikipiki kwa ubishi mfupi kuliko ule. Mwishowe akasema maoni yangu yamepokelewa.

Na kweli yalipokelewa. Baada ya wiki kadhaa maneno ya mashine yalibadilika. Mama, ambaye hakuacha kupita kila akitoka karashani, akaweka kidole, nami nikamsomea: "Ombi halijakamilika. Tafadhali wasiliana na wakala wako."

Akaniangalia kwa upole kabisa.

"Si ndiyo nimekuja, baba?"

Nikamsogezea kiti.