Roboti Iliyoniogopa

Nilizaliwa Usagara, pale barabara zinapoachana, katika nyumba ambayo kifaa chake pekee cha umeme kilikuwa tochi ya baba. Leo nina karakana yangu Nyakato, Mwanza, yenye geti la chuma nililolichomelea kwa mikono yangu, na kiwanda cha jirani kikiunguza mota, huniita mimi kabla ya kumfikiria mtu wa Dar. Katikati ya hayo mawili kuna miaka ya Afrika Kusini. Mchana nilifagia kiwanda cha watu, jioni nilisoma, mpaka nikarudi nyumbani na diploma ya umeme wa viwandani. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nayasema haya kwa kujisifu, sikatai, lakini pia ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyehangaishwa na kidude kinachoenea ndani ya beseni.

Mwalimu wa fizikia ndiye aliyekileta kidude hicho maishani mwangu. Alikuwa dada mdogo wa umri, anafundisha shule ya kata upande wa Kisesa, si mbali na Bujora. Alinikuta karakana, akaniamkia, akasema wanafunzi wake wamepata boksi la vifaa kutoka kwa wafadhili na wanaunda roboti kwa ajili ya mashindano ya shule zinazoanza fani hiyo. Mkuu wa shule alikuwa amewapa chumba kilichokuwa stoo ya mahindi ya chakula cha mchana. Wapishi hawakufurahi. Basi mama mkuu akaweka sharti: roboti ikimaliza mzunguko mmoja mzima mbele ya waamuzi, chumba ni cha klabu. Isipomaliza, mahindi yanarudi.

"Na bila chumba hakuna klabu, Injinia," akasema.

Aliniita Injinia bila kuambiwa. Nikakubali hapohapo.

Siku ya kwanza nilivaa koti. Kwenye mkoba niliweka nakala ya diploma niliyoitia plastiki, kama ninavyofanya kila niendapo kwa watu wapya, maana watu huamini wanachokiona. Nilipofika Kisesa nikampigia mwalimu simu kwamba nakaribia. Nikakuta chumba kinanukia sabuni na wanafunzi wamejipanga mstari. "Shikamoo Injinia!" Sauti zikagonga bati.

Nahodha wao alikuwa binti wa kidato cha tatu, mtoto wa mfugaji, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde. Akanionyesha roboti. Magurudumu yalikuwa vifuniko vya madumu, kiwiliwili ni kipande cha mbao nyembamba, na kichwa kilikuwa bapa kiasi kwamba waliiita kamongo, kama yule samaki wa matopeni.

"Kamongo hafi hata maji yakikauka," nahodha akasema.

Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza. Kwenye uwanja mweupe kuna mstari mweusi unaozunguka. Roboti inapakiwa kasha dogo mahali palipoitwa mwaloni, kama pale mitumbwi inaposhusha samaki, inafuata mstari hadi sokoni, kisha inarudi ilipoanzia bila kudondosha mzigo. Chini ya tumbo ina macho mawili yanayorusha mwanga sakafuni na kupima kiasi kinachorudi. Pakiwa peupe mwanga hurudi mwingi, pakiwa peusi humezwa. Uwanja wa mazoezi waliutengeneza kwa bango la zamani la matangazo, wakaligeuza upande mweupe, wakaligundisha sakafuni na kubandika tepu nyeusi ya umeme.

Wakaiwasha. Kamongo alitembea hatua chache, akasitasita, akauacha mstari na kwenda kugonga ukuta.

"Jana alizunguka vizuri!" nahodha akapiga kelele. "Mwalimu, si alizunguka?"

Mwalimu akaapa kwamba alizunguka. Nilitabasamu tabasamu la mtaalamu. Nikapima betri, ikawa nzima. Nikalehemu upya waya wa mota moja. Kamongo akagonga ukuta uleule. Jioni hiyo mwalimu akanitumia video: roboti inazunguka kama imetiwa adabu. Nikasema kazi yangu ya kulehemu imeonekana.

Nikaenda tena wiki iliyofuata. Ukutani. Nilipoondoka, ikazunguka. Nikaenda mara nyingine, mambo yakawa yaleyale.

"Injinia," nahodha akasema, "naomba kukuuliza bila kukukosea adabu."

"Uliza."

"Kwenu Usagara hamna mtu mliyegombana naye? Maana huyu kamongo anakuogopa wewe peke yako."

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Kijana aliyeandika programu ya roboti, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaongeza: "Ni ile diploma unayotusimulia kila siku. Ameiona akajua yeye hana cheti."

Nilicheka nao, lakini moyoni jambo lilinikaa kama mwiba wa sangara. Katika maisha yangu sijawahi kukutana na mashine inayoharibika bila sababu. Binadamu ndiye hununa bure. Nikaanza uchunguzi. Nikaacha simu kwa mlinzi wa getini. Safari iliyofuata nikaacha funguo na mkanda wenye kifungo cha chuma, nikaingia nimeshika suruali. Nikabadilisha marashi. Nikasimama nje nikachungulia dirishani, labda ni kivuli changu. Kamongo aliendelea kunikimbia.

Kule karakana, mzee mmoja wa Kihindi, ambaye ukoo wake umefanya biashara Mwanza tangu enzi za babu yake, alikuwa akingoja mota ya mashine yake ya barafu. Akanikuta nimechora bango lile kwa chaki sakafuni, natembea juu yake polepole kama roboti.

"Bwana fundi, mashine yangu imelala, wewe unacheza?"

"Injinia," nikamsahihisha.

"Haya, Injinia. Barafu haijui cheo."

Nikamtengenezea mota yake vizuri kuliko ilivyotoka kiwandani, nikaipeleka mwenyewe kwenye bohari lake la samaki Kisesa. Na kwa kuwa nilikuwa huko tayari, nikapita shuleni. Sikupiga simu. Nilikuwa na ovaroli yenye grisi, bila koti wala mkoba. Kabla sijafika mlangoni nikasikia mlio wa mota zao ndogo. Nikachungulia dirishani. Kamongo alikuwa anakata kona, mzigo mgongoni, katulia kama ng'ombe anayejua njia ya lambo.

Sasa nikajua siyo mimi. Kama ni mimi, ningemwogofya hata nikiwa dirishani. Kuna kitu kinakuja kabla yangu.

Nahodha akageuka akaniona. "Mgeni huyo!" Wawili wakarukia ndoo na dekio, mmoja akamwaga sabuni, na kabla sijatia mguu ndani walishaanza kudeki kwa kasi ya zimamoto.

"Mnafanya nini?"

"Tunadeki, Injinia. Mgeni ataingiaje kwenye vumbi?"

"Mnadeki kila nikija?"

"Kila ukija. Ukishapiga simu kwamba umefika Kisesa, tunaanza."

"Na bango je?"

Akanitazama kama aliyeulizwa swali la kitoto. "Bango ndilo la kwanza. Si ndilo unalokuja kuliangalia?"

Nikawaambia wamalize, wasiache kona. Kisha nikapiga magoti, nikalaza shavu karibu na sakafu, jinsi jicho la kamongo linavyotazama. Ile tepu nyeusi haikuwa nyeusi tena. Ilikuwa inang'aa kama ziwa linavyong'aa katikati ya mawe saa za adhuhuri. Nikawaita wote walale chini waone. Wakalala, na sare zao zikalowa.

"Mwanga unateleza juu ya maji na kurudi wote," nikasema. "Kamongo anaona peupe kila mahali. Ameporwa njia."

Wakainuka. Kijana wa miwani akaiwasha roboti kuhakikisha, ikaenda ukutani. Tukangoja pakauke, tukaiwasha, ikazunguka. Nimetengeneza mota nyingi za maana, lakini sijui kama nimewahi kufurahia sababu kama nilivyoifurahia ile.

"Kumbe si uchawi," nahodha akasema. "Ni adabu zetu."

Siku ya mashindano tulikwenda mjini, kwenye ukumbi ambao madirisha yake yanatazama majabali. Kila timu ilipewa majaribio mawili. La kwanza lilikuwa asubuhi. Kamongo aliondoka mwaloni vizuri, akafika sokoni, akarudi. Kwenye kona ya mwisho mzigo ukaanguka. Mwamuzi, kijana mwenye filimbi, akatikisa kichwa. Mama mkuu wetu alikuwa amekaa nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake, na nikaona magunia ya mahindi yakirudi chumbani.

Jaribio la pili lilipangwa baada ya mgeni rasmi kuwasili. Mnajua wenyewe mgeni rasmi akikaribia mambo huwaje. Viti vya mbele vikafutwa, kitambaa cha meza kikanyooshwa, na wenyeji wetu wakaingia na ndoo. Wakadeki ukumbi kutoka mlangoni hadi jukwaani. Wakadeki na viwanja vya mashindano.

Wasaidizi tulikatazwa kusema na timu. Nikabaki nimeng'ang'ania kiti.

Timu ya kwanza kuitwa ilitoka shule ya mjini. Roboti yao ilimetameta kama pikipiki mpya. Ikauacha mstari palepale, ikanyoosha moja kwa moja hadi meza ya mgeni rasmi, na watu wakapiga makofi wakidhani imekwenda kumwamkia. Ya pili ikazunguka papo hapo kama kuku aliyekatwa kichwa. Kisha tukaitwa sisi.

Nahodha hakumweka kamongo chini. Alipiga magoti, akalaza shavu sakafuni.

"Mwamuzi, naomba tuukaushe uwanja."

"Hairuhusiwi kugusa uwanja."

"Kwani aliyeudeki aliruhusiwa?"

Ukumbi ukaguna. Mwamuzi akainama, akaweka kiganja juu ya mstari, akakitazama. Kilikuwa kimelowa. Mgeni rasmi akauliza kuna nini, na mwalimu wetu akasimama akajibu kwa heshima zote: "Maji, mheshimiwa. Wamedeki kwa ajili yako, roboti hazioni njia."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyewapoteza?" Akacheka, na mwamuzi akapata ujasiri wa kusema kausheni.

Wanafunzi wetu wakavua masweta ya shule, wakayatandika, wakaburuta magoti juu yake. Bado pakabaki unyevu. Nikatoa nakala yangu ya diploma mkobani nikampa mwalimu, mwalimu akampa nahodha. "Pepea na hii."

Akapepea kwa nguvu, kisha akaisimamisha mbele ya macho yake. "Injinia! Kumbe ipo kweli!"

Pakakauka. Hapo nahodha akamwambia mwamuzi kwamba zile timu mbili nazo zinastahili kurudia. Kijana wa miwani akamvuta mkono: "Nyamaza, wewe! Wakirudia watatupita."

"Watupite. Sisi tulichokuja kutafuta ni mzunguko mmoja tu."

Kamongo akapakiwa. Akaondoka. Sauti pekee ilikuwa mlio wa zile mota ndogo. Akapita sokoni. Kwenye kona ya mwisho mzigo ukainama, nami nikainama nao, na nadhani safu yetu yote iliinama. Ukabaki. Akaingia mwaloni na kusimama, na binti wa mfugaji akapiga ukelele ambao naamini ulisikika Bujora.

Timu ya mjini ilirudia ikatupita kwa mbali, na nyingine kadhaa pia. Tulipata vyeti vya ushiriki. Nilivitia plastiki mwenyewe, bure. Mama mkuu alimwambia mwalimu maneno machache tu: "Wapishi nitawatafutia mahali."

Nilipokwenda tena shuleni nilipiga simu kutoka Kisesa, kwa mazoea. Nikaingia nimevaa koti. Chumba kilikuwa na vumbi la siku nzima, chenga za mbao kila mahali, na hakuna aliyejipanga mstari. Walikuwa wameinama juu ya roboti mpya.

"Shikamoo Injinia," nahodha akasema bila kuinua kichwa.

"Marahaba. Leo mgeni hadekiwi?"

"Mgeni yupi?" Akaelekeza kidole pembeni, kwenye ndoo na dekio. "Tukimaliza mazoezi, zamu ni yako."

Nikavua koti, nikalitundika. Na nilipodeki, nilideki kama mtu mwenye diploma.