Safu ya Minazi Iliyofuata Bomba la Moshi

Mjukuu wangu ana hesabu ya shule. Umepewa mstari, umepewa na nukta pembeni. Utafute mlinganyo wa mstari wa pili, upite kwenye nukta ile na uwe sambamba na wa kwanza. Akanifafanulia, maana anajua kusoma kwangu kuliishia chuo cha Kurani, kwenye juzuu Amma: mteremko unaubakiza uleule, unachobadilisha ni pale unapoanzia. Nikamwambia aendelee kuandika. Sikumwambia kwamba mimi hilo nililijua kwa kung'oa miche.

Hayo ni ya miaka ya hamsini, tukikaa karibu na Kigombe. Wifi yangu alikuwa ameachika Pangani, akarudi kwa kaka yake, yaani kwa mume wangu, yaani jikoni kwangu. Wanawake wawili, jiko moja. Mume wangu akakata shauri: dada yake apewe kipande cha shamba alime muhogo, ajenge, ajitegemee. Upande mmoja kingepakana na safu ya minazi ya marehemu baba yao. Upande wa pili ipandwe safu mpya, ianzie kwenye mnazi wa kando ya njia, tuliopanda juu ya kitovu cha mwanangu wa kwanza. Safu mbili ziende sambamba, kipande kiwe na upana mmoja mwanzo hadi mwisho.

Mume wangu alishinda kwenye mkonge, akikata. Nikasema kazi hiyo naifanya mimi. Wifi akataka kunishikia kamba, nikamwambia akatwange. Nilitaka aondoke haraka, lakini kusaidiwa naye sikutaka.

Nikasimama penye mnazi wa kwanza wa baba mkwe, nikafumba jicho moja. Safu nzima ilielekea bomba la moshi la kiwanda cha mkonge, palepale nyuma ya mpaka wetu. Nikarudi kwenye mnazi wa mwanangu, nikafumba jicho tena, nikalilenga bomba lilelile, nikachimba mashimo na kupanda nikilifuata. Kunyooka, safu ilinyooka. Nilijisifu peke yangu mpaka nikaona haya.

Jioni wifi akaja kutazama. Akatembea hadi mwisho, akarudi polepole.

"Wifi, nimeomba shamba, umenikatia sambusa."

"Safu imenyooka. Tazama mwenyewe."

"Imenyooka, ndiyo. Huku nalala na mikono nimeitanua. Kule mwisho nalala ubavu, tena nisijigeuze."

"Zote mbili zinaelekea bomba, na bomba halijahama."

Mume wangu, ambaye ndio kwanza anarudi kutoka kazini, akaweka panga chini. "Mama watoto, ni kweli halijahama. Lakini watu wawili wakitoka nyumba mbalimbali, wote wakaenda mlango mmoja, si watakutana?"

Nikamjibu kwamba minazi haitembei. Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo. Wifi alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaacha kucheka.

"Kwa kipande hiki muhogo hautanitosha," akasema. "Basi nitabaki jikoni kwako, wifi yangu."

Kesho yake jua halijachomoza nilikuwa shambani, na kamba nilimpa yeye ashike. Tukaanza kwa baba mkwe, tukapima safu yake inavyoiacha njia: ufuate njia hatua tatu, uingie shambani hatua nane, umeufikia mnazi unaofuata. Kila mnazi hivyohivyo. Tukahamia kwenye mnazi wa mwanangu, tukaenda vilevile, tatu kufuata njia, nane kuingia ndani, bila kulitazama bomba. Safu mpya ikalipita bomba kando kabisa, na mimi moyoni bado naona imepinda.

Miche niliyoing'oa, mingine ilikufa. Watu wakiuliza nilisema mchwa. Wifi akiwapo, alikohoa.

Muhogo ulipokubali, akajenga kibanda chake mwisho wa kipande, akaniita nikale. Alipika kisamvu cha nazi, kina chumvi kuliko chakula chochote nilichowahi kutia mdomoni. Naye ananitazama. Nikala nikamaliza, nikamwambia kimekolea, nikaomba tena. Ningemtia mashaka, angerudi jikoni kwangu kujifunza.