Kuku wa Machungwa

Juzi wodini Vwawa, nikimmenyea mama chungwa, harufu yake ilinirudisha utotoni, jikoni kwetu Tunduma. Mama alikuwa ametoka tangu asubuhi. Shangazi, aliyewahi kumpikia padri Mtaliano upande wa Zambia, alikuwa akikatia machungwa kwenye sufuria ya kuku, vitunguu vikimtoa machozi. Kwetu machungwa yalinunuliwa kwa ajili ya mgonjwa tu.

"Shangazi, mama amelazwa?"

"Nani kakwambia? Yuko sokoni. Njoo uonje."

Sikumwamini. Nilisimama mlangoni mpaka mama alipoingia, akala yule kuku huku akilamba vidole.

Juzi alikula kipande kimoja, akanirudishia chungwa lake.

"Onja na wewe, mwanangu."

Nilionja, nikalamba vidole kama yeye siku ile.